Rekodi mbovu inapunguza utamu wa muziki?

Mpenda Santuri: Nauliza kwa dhati. Nyimbo nyingi za NUTA Jazz, bendi ya dansi ya Dar ambayo baadaye ikaitwa Msondo, ninazozipata mtandaoni zimerudufiwa kaseti kwa kaseti mpaka besi imepotea. Wanangu wanazisikia, wanasema muziki wa zamani mbovu. Mimi nasema mbovu ni nakala. Je, usafi wa sauti ni sehemu ya utamu, au ni anasa ya wenye spika kubwa?

Mwana Malindi: Siti binti Saad, mwimbaji wa taarabu wa Zanzibar, alikwenda India kurekodi, nadhani miaka ya thelathini. Santuri zake mikwaruzo mwanzo mwisho, na mpaka leo akiimba nasisimka. Kama hupati raha bila spika kubwa, kasoro iko masikioni mwako.

Fundi Mitambo: Ni 1928, Bombay. Na santuri zile za mizunguko 78 zilibeba kama dakika tatu tu kila upande. Taarabu ya ukumbini inavuka hapo kwa mbali, kwa hiyo wimbo ulikatwa au ukagawanywa pande mbili. Mtambo haukugusa sauti peke yake, uligusa wimbo wenyewe. Hilo mnalionaje?

Mpenda Santuri: Masikio yangu yana kasoro? Nimekulia kwenye madansi ya Dar, mpiga besi akikosea noti moja namjua. Chunga ulimi, ndugu yangu.

Mama Ilala: Jamani, taratibu. Pale RTD, Redio Tanzania Dar es Salaam, bendi nzima ilirekodi kwa pamoja. Mpuliza tarumbeta akiteleza, wote mnaanza upya. Ndiyo maana magitaa yanasikika yakijibizana. Siku hizi kila mtu anaingiza sauti yake kivyake, safi kabisa, uhai hakuna. Ingawa hata kwa mitambo ileile, Sikinde, yaani Mlimani Park, walipangika kuliko Msondo.

Baba Msondo: Mama, hapo umenigusa pabaya. NUTA imeanza 1964, Sikinde 1978. Mtoto atampangia baba muziki?

Mama Ilala: Shikamoo yako naipokea, lakini mwimbaji Gurumo mwenyewe si alimwacha huyo baba akaenda kuanzisha Sikinde?

Baba Msondo: Na akarudi Msondo! Mbona hilo hulisemi? Zile tarumbeta za Msondo hata kwenye redio ya mkulima yenye betri zilizokwisha unazitambua.

Mwana Malindi: Baba Msondo kanisaidia. Betri zimekwisha na raha iko palepale.

Fundi Mitambo: Anazitambua kwa sababu alizisikia ukumbini, kumbukumbu inajazia. Kijana ambaye hakuwahi kufika ukumbi wa Amana atajazia kwa nini? Huyo anakutana na ile nakala tu. Halafu la dakika tatu hakuna aliyenijibu.

Baba Msondo: Fundi, tumalize kwanza la Gurumo.

Mpenda Santuri: Mimi nasubiri Mwana Malindi afute neno lake kuhusu masikio yangu. Akilifuta, tutarudi kwenye hizo dakika tatu.