Kwa nini Wareno waliichoma merikebu yao, São Rafael, karibu na Tanga?

Mwalimu wa Historia, Tukuyu
Habari za jioni wanajukwaa. Wanafunzi wangu wa kidato cha pili, ambao wengi wao maji makubwa wanayoyajua ni Ziwa Nyasa pale Matema, wameniuliza swali lililonishinda. Vasco da Gama aliondoka Lisbon tarehe 8 Julai 1497 akiwa na merikebu nne, na mojawapo, São Rafael, iliyokuwa chini ya kaka yake Paulo, ilichomwa moto Januari 1499 karibu na Tanga na Wareno wenyewe. Kulikuwa na sababu gani ya kuteketeza chombo ambacho bado kilikuwa kinaelea?

Mzee wa Pwani, sasa Iringa
Mwalimu, kilichowaishia ni watu. Walipotoka Malindi kwenda Kalikuti, huko India, mwaka 1498 walikuwa na rubani mwenyeji wa bahari hii na upepo wa nyuma, wakavuka kwa muda usiofika mwezi. Kurudi waling'oa nanga mapema Oktoba, kaskazi ikiwa haijashika, jambo ambalo nahodha yeyote wa jahazi angewakataza. Wakakaa baharini karibu miezi mitatu, mara shwari, mara upepo wa mbisho. Kiseyeye kikawaingia, ufizi ukavimba hadi kufunika meno, watu 30 wakafa, na katika kila chombo wakabaki saba au wanane tu wenye nguvu za kufanya kazi. Kwa idadi hiyo huwezi kutweka matanga, kushika usukani na kufua maji usiku na mchana katika merikebu tatu zilizokuwa zimebaki.

Muuguzi, Uyole
Shikamoo Mzee. Naongeza kwamba kiseyeye ni upungufu wa vitamini C, na mabaharia wale waliishi kwa biskuti kavu na nyama ya chumvi. Linalonisikitisha ni kwamba Aprili 1498 São Rafael ilikwama kwenye fungu lililo pale pale ilipokuja kuchomwa, na walipokuwa wakingoja maji yajae, wenyeji waliwaletea kwa mitumbwi machungwa ambayo mwandishi wa safari aliyasifu kuliko ya Ureno. Januari 1499 waliyatafuta tena Malindi kwa ajili ya wagonjwa, lakini wengine walikuwa wamezidiwa. Jaribio la James Lind, daktari wa jeshi la maji la Uingereza, lililoonyesha kuwa machungwa na malimau yanatibu kiseyeye lilikuja mwaka 1747.

Mwalimu wa Historia, Tukuyu
Nawashukuru. Lakini si wangeiacha tu pale?

Mzee wa Pwani, sasa Iringa
Marahaba, mwanangu muuguzi. Mwalimu, hapa natoa maoni yangu: mwaka uliotangulia, huko Mombasa, waogeleaji walijaribu usiku kukata kamba ya nanga ya Berrio, merikebu yao nyingine. Kuiacha São Rafael nzima jirani na Mombasa kungekuwa kumpa hasimu chombo cha bure. Walihamisha shehena, wakanunua kuku kwa watu wa Mtang'ata, mji wa pwani jirani na hapo, kwa kubadilishana na mashati na bangili, kisha wakaichoma. Sanamu ya mbao ya malaika Rafaeli iliokolewa, nayo iko katika makumbusho ya bahari huko Lisbon. Paulo mwenyewe hakufika nyumbani. Alifia Terceira, katika visiwa vya Azores, mwaka huo huo wa 1499.