Naomba ushauri: kufuata mto Auji hadi Dunga kwa baiskeli

Habari zenu wana-Kisumu. Jumamosi nilijaribu kufuata mto Auji kutoka mtaa wa Nyalenda kwenda Dunga, kando ya Ziwa Victoria. Baiskeli niliyonayo ni blaki mamba ya marehemu babu, chuma kitupu, haina gia. Nusu saa haikuisha nikakwama. Mvua ilikuwa imenyesha usiku, na ule udongo mweusi mnaujua: ulijaa kati ya tairi na madigadi mpaka gurudumu likagoma kuzunguka. Nikawa nauchokoa kwa kijiti huku watoto wakinicheka, na walikuwa na haki. Mwishowe niliibeba begani hadi barabarani.

Sasa nataka kurudi na binti yangu wa miaka 12. Kuna kijia kinachopitika kando ya mto mpaka kwenye mafunjo, au twende kwa miguu tu? Na viboko je? Najua giza likiingia hutoka ziwani kuja kula nyasi, kwa hivyo nimepanga tuondoke kabla ya saa kumi na moja jioni. Inatosha, au asubuhi ni afadhali? Mume wangu anasema tupande boda tu, lakini yeye hata dukani haendi kwa miguu.