Uliwahi kucheza na meno ya sproketi ikakutokea puani? Tupeane uzoefu

Mtoto wa Soni
Wakuu habari za jioni. Leo kuna dogo kaja kijiweni kafunga sproketi (lile gurudumu la meno linalopitisha cheni) ya nyuma kubwa utadhani sinia la pilau, nimecheka mpaka nikakumbuka yangu. Pikipiki yangu ilikuja na meno 14 mbele na 42 nyuma, wajuaji wakaniambia weka 16 mbele utakula lami. Kweli Mombo kwenda Korogwe ilikuwa inateleza tu, injini hailii, mafuta yanakaa. Sasa siku napanda nayo Lushoto na mifuko miwili ya saruji, tumetoka tu Mombo gia ya tatu haivuti, ya pili inakohoa, nimefika Soni na namba moja kama trekta na klachi inanuka. Sahani za klachi zikaenda siku hiyohiyo. Nani mwingine yalimkuta?

Kapteni 150
Yalinikuta. Ile harufu huisahau.

fundi_cheni
Ni hesabu ndogo tu. 42 gawa kwa 14 ni 3, yaani sproketi ya mbele ikizunguka mara tatu tairi la nyuma linazunguka mara moja. Ukiweka 16 inashuka 2.6, umejinyima nguvu ya kuvuta zaidi ya asilimia 12 halafu unabeba saruji. Jino moja la mbele ni sawa na kama matatu ya nyuma. Mtu wa milimani aweke 13 mbele, basi, cheni ileile inatosha. Hilo sinia la dogo la nini?

Mzee wa Lami
Fundi unapotosha watu. Sproketi ndogo mbele inaikunja sana cheni, inaimaliza haraka. Bora 45 nyuma, unaongeza pingili mbili mambo yanaisha.

fundi_cheni
Pingili mbili za cheni mpya kwenye cheni iliyovutika? Unaunga cheni kama kamba ya mbuzi mzee wangu.

Mzee wa Lami
Nimeanza kuendesha wewe unanyonya.

Mstaafu wa Boda
Ngoja niwape yangu mmenikumbusha mbali. 2017 niko Mgeta, pikipiki ya bosi, hesabu elfu saba kwa siku. Nikaona niwe nashuka Moro mjini kutafuta vichwa, nikafunga 16 mbele bila kumwambia bosi. Siku ya nne saa nane usiku jirani ananigongea, mkewe uchungu umemshika, kituo cha afya kiko juu huko. Nikampakia mama, mama mkwe wake akapanda nyuma amemkumbatia, mishikaki, ningefanyaje. Ile kona ya kwanza tu ya mlima pikipiki ikagoma ikaanza kurudi nyuma, yule bibi akaruka akajifunga kanga kiunoni akaanza kusukuma huku ananitukana mimi na ukoo wangu. Tumekwenda hivyo, napiga resi klachi inateleza, kufika sehemu mbaya ya mawe cheni ikachomoka, kumbe fundi aliiacha imelegea, ikajisokota mbele tairi la nyuma likakaza halizunguki mbele wala nyuma. Giza, tochi ya simu chaji asilimia sita. Nikakata tamaa nikaanza kupiga kelele za kuomba msaada, wakatoka akina mama watatu nyumba ya bondeni na taa. Mtoto kazaliwa palepale ukingoni. Mimi nimegeukia mlimani nimeshika cheni mkononi, sijui hata niiweke wapi.

Kapteni 150
Duh. Mama na mtoto wazima?

Binti Mluguru
Jamani nimesisimka. Wa kike au wa kiume?

Mstaafu wa Boda
Wazima wote. Wa kike, siku hizi ananiita baba mdogo. Bibi yake ndiyo hajawahi kupanda pikipiki yangu tena.

fundi_cheni
Umeona sasa, cheni inatakiwa icheze kama sentimita mbili mpaka tatu hivi, na ile klipu ya kuungia cheni, upande uliozibwa uangalie inakokwenda cheni

Binti Mluguru
Fundi pumzika kidogo. Walimwita nani?

Chuma cha Reli
Mnauliza mtoto, mimi nauliza bosi alisemaje 😂

Mstaafu wa Boda
Alitaka elfu saba yake.

Mtoto wa Soni
Sasa dogo nimwambieje na sinia lake?

Kapteni 150
Arudishe za kiwandani. Waliotengeneza hawakuwa wajinga.

Mzee wa Lami
Asirudishe, kama anabeba viazi lumbesa litamsaidia sana. Ila aje ajue kwenye lami 60 injini italia kama inaomba msaada.

Chuma cha Reli
Apunguze mishikaki aache meno ya watu. Halafu mimi tangu nibadilishe, mita inasoma 80 wenzangu wanasema tuko 70.

Kapteni 150
Haiwezekani, waya wa mita uko tairi la mbele.

fundi_cheni
Za kwenu mbele, nyingine zinachukua kwenye giaboksi, hizo ukigusa meno lazima zidanganye. Na msifunge sproketi mpya na cheni kuukuu, nunueni seti.

Mzee wa Lami
Hapo kwenye seti nakubali. Hapo tu.

Ng'wana Shy
Wakuu huku Shinyanga ni tambarare tupu. Kuna mwenye 16 ya mbele aliyoitoa?

Mstaafu wa Boda
Ninayo. Imetumika siku nne.