Nimelipia ziara ya depo ya reli ya Nairobi, nikasimuliwa simba wa Tsavo kwa dakika arobaini

Wanajukwaa,

Naomba mnivumilie, kwa kuwa uzi huu ni mrefu na ninauandika nikiwa na hasira. Jumamosi iliyopita nililipa shilingi 10,500 kwa watu watatu, yaani mimi, mwanangu aliye gredi ya saba, na mama yangu mwenye umri wa miaka 78, ili tushiriki matembezi yaliyotangazwa kuwa yanahusu historia na matumizi ya depo ya reli ya Nairobi. Kampuni iliyoyaandaa siitaji, kwa sababu bado ninadaiana nayo. Niseme mapema pia kwamba watu wa makumbusho ya reli hawana lawama yoyote katika jambo hili. Walitupokea vizuri na vitu vyao vimepangwa palepale vinapostahili kuonekana. Malalamiko yangu ni juu ya yule tuliyemlipa atueleze vitu hivyo.

Matembezi yalichukua saa mbili kasorobo. Katika muda huo, kiongozi wetu alitumia dakika arobaini nzima, kwa saa yangu ya mkononi, kutusimulia habari za simba wa Tsavo, wale wala watu waliowashambulia wajenzi wa reli. Alinguruma. Alitambaa. Alimwomba mtoto mmoja ajifanye kuli aliyelala hemani. Sasa nauliza: Tsavo iko umbali wa kilomita zipatazo 300 kutoka Nairobi kwa njia ya reli, na simba wale wawili waliuawa na Patterson, mhandisi wa reli, mnamo Desemba 1898, ilhali reli yenyewe ilifika Nairobi tarehe 30 Mei 1899. Simba hao hawakuwahi kuiona depo hii, na depo hii haikuwahi kuwaona. Hata miili yao iliyokaushwa haiko Kenya; iko katika jumba la makumbusho mjini Chicago tangu miaka ya 1920. Mtu akitaka habari zao, apande treni aende Tsavo, au apande ndege aende Marekani.

Kibaya zaidi ni kwamba hata pale simba alipokuwa na haki ya kutajwa, alitajwa vibaya. Tulipofika kwenye behewa alimouawa Charles Ryall, kiongozi alisema kwamba ni "wale wale wa Tsavo" waliomvuta dirishani. Si kweli. Ryall, ambaye alikuwa mkuu wa polisi wa reli, aliuawa mwezi wa Juni 1900 katika stesheni ya Kima, huku Ukambani, wakati simba wa Tsavo walikuwa wamekwisha kufa mwaka mmoja na nusu uliopita. Alikuwa ameketi na wenzake wawili ndani ya behewa hilo wakimvizia simba mwingine kabisa, usingizi ukamshika wakati wa zamu yake, na simba akaingia. Kisa hicho kinatisha vya kutosha bila kuongezewa chumvi, na kibao cha maelezo kiko papo hapo, hatua moja kutoka mahali aliposimama.

Kisha tukaambiwa kwamba Nairobi ilikuwa "kinamasi kitupu ambacho hapakuwa na mtu" hadi Mwingereza alipoleta reli. Maneno haya nimeyasikia mara nyingi mno na yananiudhi kila mara. Jina lenyewe Nairobi linatokana na maneno ya Kimaasai yenye maana ya maji baridi, na mahali pasipo na mtu hapapewi jina. Wamaasai walinywesha ng'ombe wao hapo, na Wagikuyu walishuka kutoka kwenye miinuko ya msitu kuja kubadilishana bidhaa nao. Mwaka 1896, kabla reli haijafika, palikuwa tayari na kambi ndogo ya wanajeshi wahandisi waliokuwa wakipumzisha ng'ombe na nyumbu wa misafara.

Swali ambalo mtoto yeyote angeuliza ni kwa nini depo ikawekwa hapo na si kwingine, na mwanangu aliliuliza kweli. Jibu alilopewa ni kwamba Wazungu walipenda hali ya hewa. Mimi nilijibiwa swali hilo na marehemu baba yangu, mezani, kwa kutumia kijiko na kitabu kilichoegemezwa kwenye kikombe. Kijiko kilikuwa tambarare ya Athi, kitabu kilikuwa mwinuko wa Kikuyu. Nairobi, kwenye kilomita ya 530 hivi kutoka Mombasa, ndiyo ardhi ya mwisho iliyo sawa na yenye maji kabla njia haijaanza kupanda, na baada ya kupanda inakutana na ukingo wa Bonde la Ufa, ambako mwanzoni wajenzi walilazimika kuteremsha mabehewa na vifaa kwa kamba za chuma kwenye mteremko mkali. Kwa hiyo reli, vipande vya madaraja, na mataruma ya chuma, yaani vile vipande vinavyolazwa chini ya reli, yaliyochaguliwa kwa sababu mchwa wangeyala ya mbao, vilibidi virundikwe mahali fulani vikisubiri. Vilirundikwa hapo. Injini zilizochoka kwa safari ya kutoka pwani zilihitaji banda, banda lilihitaji mafundi, mafundi walihitaji mahali pa kulala na duka la kununua unga. Makao makuu ya reli yakahamishwa kutoka Mombasa mwaka uleule wa 1899, na maofisa wa serikali wakahama Machakos kuyafuata. Jiji lote hili, pamoja na msongamano wake wa magari, ni kiambatisho cha karakana.

Hapo ndipo mama yangu alipouliza swali lake. Kiongozi alikuwa amemwita "shosho" tangu asubuhi, jambo ambalo halikumpendeza mama, lakini alinyamaza. Alimwuliza kwa upole: "Mwanangu, na mafundi walikuwa wakikaa wapi?" Akajibiwa: "Shosho, hiyo tutafika."

Hatukufika.

Tulifika kwenye injini kubwa za mvuke za aina ya Garratt, na hapo hasira yangu ilipanda kweli, kwa sababu hizi nilizijua kabla sijajua kusoma. Baba yangu aliajiriwa katika karakana ya Nairobi mwaka 1959, akiwa kijana wa miaka kumi na tisa, na alifanya kazi kwenye Garratt hizi, zilizoitwa injini za daraja la 59, hadi zilipostaafishwa za mwisho mwaka 1980. Kiongozi alituambia kwamba ni "treni ya Mjerumani". Zilijengwa na Beyer Peacock mjini Manchester, Uingereza, kati ya mwaka 1955 na 1956, zikiwa 34, kila moja na uzito wa tani zipatazo 250, na hakuna injini ya mvuke iliyopata kuzishinda nguvu kwenye reli ya upana wa mita moja popote duniani. Kisha akachukua sepetu ya kufikirika na kutuigizia jinsi mchochea moto alivyokuwa akitupa makaa ya mawe tanuruni, jasho likimtoka. Injini za daraja la 59 zilichoma mafuta mazito! Hakuna aliyezitilia makaa kwa sepetu.

Alichopaswa kueleza, na ambacho kingewashangaza wageni kuliko ngurumo zote za simba, ni umbo lake. Garratt ni injini mbili zilizobeba tangi moja la mvuke katikati, mfano wa machela yenye wabebaji mbele na nyuma. Kwa sababu hiyo inapinda kiunoni kwenye kona kali, na uzito wake unagawanyika juu ya magurudumu mengi, hivyo haivunji reli nyembamba. Njia yetu inaanza usawa wa bahari, inapanda hadi mita zaidi ya 1,600 hapa Nairobi, na kule Timboroa inapita mita 2,700. Bila mashine ya namna hiyo, mizigo ya Uganda ingevutwa vipande vipande. Zaidi ya hayo, kila injini ya daraja hilo ilipewa jina la mlima wa Afrika Mashariki, na mbili zilizobaki Nairobi, yaani namba 5918 na 5930, zinaitwa Gelai na Shengena, milima ambayo yote iko Tanzania. Mimi naona jambo hilo peke yake linatosha somo zima la historia, maana linamkumbusha mtu kwamba shirika hili la reli lilikuwa letu sote hadi Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977. Kiongozi alisoma "Mount Gelai" kwenye kibao, akasema ni jina la mke wa gavana.

Nilijizuia. Mama yangu ndiye aliyeshindwa. Alisogea akaweka kiganja kwenye gurudumu, akanyamaza kwa muda, kisha akamwambia mjukuu wake, kwa sauti ambayo kila mtu aliisikia: "Babu yako alikuwa akigonga hapa kwa nyundo. Likilia kama kengele, ni zima. Likitoa sauti nzito kama chungu chenye ufa, linatolewa." Akaendelea kueleza siku za kuosha tanki la mvuke, ambapo injini ilipozwa kwanza na baba akaingia ndani kukwangua ukoko wa chokaa ulioachwa na maji magumu, na jioni alirudi nyumbani nyusi zikiwa nyeupe kama za mzee. Watu wote wa kundi walimgeukia yeye. Wawili wakaanza kurekodi. Kiongozi alipiga makofi mara mbili na kusema kwamba muda unatubana, twende tukapige picha.

Mafundi walikaa Muthurwa na Landhies, kwa faida ya yeyote aliyelipia ziara hiyo na hakuambiwa. Walikaa katika nyumba za reli, chumba kimoja familia nzima, umbali wa kutembea kwa miguu kutoka kazini, ili wawahi zamu. Kabla yao walikuwapo karibu Wahindi 32,000 walioletwa kujenga njia, ambao takriban 2,500 walikufa na maelfu wakabaki nchini. Na Makhan Singh, aliyeanzisha vyama vya wafanyakazi hapa Nairobi miaka ya 1930, alikuwa mwana wa fundi wa reli. Mgogoro wa nyumba za Muthurwa ulifika hadi Mahakama Kuu, na uamuzi wa mwaka 2013 ulikuwa upande wa wapangaji. Katika saa mbili kasorobo, hakuna hata moja kati ya habari hizi iliyotajwa, ingawa kutoka pale tuliposimama ungeweza kuelekeza kidole upande ilipo Muthurwa.

Nimalizie kwa upande wa matumizi, kwa kuwa neno hilo lilikuwamo kwenye tangazo lao. Tulisimamishwa kwenye ukingo wa yadi, tukaambiwa kwamba mbele yetu ni "ardhi isiyotumika" inayongoja kujengwa jiji jipya la reli. Ni kweli kuna mpango wa kuendeleza ekari 425 za eneo hilo, na ulizinduliwa rasmi mwishoni mwa mwaka 2022. Mimi siupingi mpango huo. Stesheni kuu ya jiji kubwa kama hili inastahili kuboreshwa. Lakini ardhi isiyotumika ni ipi? Kila asubuhi ya kazi, watu wa Ruiru, Embakasi, Kikuyu na Syokimau wanashukia hapo. Abiria wa SGR, yaani reli mpya ya kutoka Mombasa, ambayo stesheni yake ya Nairobi iko Syokimau nje ya mji, wanaletwa katikati ya jiji na treni za njia ileile ya zamani. Mabehewa yanafanyiwa matengenezo humo humo. Na kama kwamba reli yenyewe ilikuwa ikisikiliza, treni ya kutoka Syokimau iliingia wakati huohuo kiongozi akiwa katikati ya sentensi yake, ikapiga honi, na hatukusikia tena neno lolote hadi ilipomaliza kupita. Aliendelea alipoachia: "Kama nilivyosema, isiyotumika."

Baadhi yenu mtaniambia kwamba kijana yule anatafuta riziki na kwamba wageni wanapenda simba. Riziki yake siitaki. Ninachohoji ni kampuni iliyomtuma bila kumpa hata karatasi mbili za kusoma, kisha ikatoza shilingi 3,500 kwa kila kichwa katika mji ambao bado umejaa wazee waliofanya kazi mle ndani, ambao wangesimulia kwa nusu ya bei hiyo na chai ya saa nne.

Niliwaandikia barua pepe Jumapili, nikaorodhesha makosa yote, mojamoja, pamoja na miaka, na kudai nirudishiwe fedha zangu zote. Jibu limekuja leo asubuhi. Wanashukuru kwa maoni yangu, wanasikitika kwamba sikuridhika, na kama ishara ya kunijali wananipa punguzo la asilimia kumi kwenye ziara yao ya siku mbili ya Tsavo.