Mrejesho: video kutikisika nikishika kamera mkononi

Wakuu, niliuliza namna ya kurekodi video iliyotulia kwa kamera yangu ya picha bila gimbali (kile kishikio cha kutuliza kamera), maana ile ya kipaimara ilitikisika mwanzo mwisho. Jumamosi nimerekodi sendofu ya dada yangu. Mkanda wa kamera ndio ulioniokoa: niliuvaa shingoni, nikaisukuma kamera mbele hadi ukakaza, viwiko nikavibana mbavuni. Lenzi niliiacha milimita 18, yaani bila kuvuta picha karibu. Nikivuta hadi 55, hata mtikisiko wa pumzi unaonekana. Kutembea bado kunanishinda, hata nikikunja magoti. Ila vipande vya keki, nilivyorekodi kwa fremu (picha) 50 kwa sekunde kisha nikavipunguza kasi hadi 25, vimetulia kabisa. Mama kavirudia mara tatu! Asanteni sana, hasa aliyesema nihamishe uzito wa mwili badala ya kupiga hatua.