Mfuko wa Mawasiliano ulipie intaneti ya miale ya leza, au tuendelee kuchimba mitaro?

MLETA MADA

Wakuu, heshima kwenu.

Mei 2023 pale Dodoma ilisainiwa mikataba ya kujenga minara 758 vijijini kwa ruzuku ya Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote, UCSAF. Jambo jema, sina ubishi nalo. Ila mnara ni nusu ya kazi. Simu yako inaongea na mnara, kisha mnara nao unahitaji njia ya kuifikisha data yote hiyo kwenye mkongo wa taifa, ile njia kuu ya nyaya za mawasiliano ya nchi. Vijijini njia hiyo mara nyingi ni mikrowevu, yaani mawimbi ya redio yanayorushwa na yale madishi ya mviringo yaliyofungwa mnarani. Ikishajaa, hata ukifungiwa 5G pale juu utabaki unaangalia kiduara kinazunguka. Mnara upo, bando lipo, intaneti hakuna.

Hoja yangu: pale ambapo faiba, zile nyaya za kioo zinazofukiwa mitaroni, haipitiki kirahisi, yaani kwenye maji na mabonde, Mfuko uanze kulipia viungo vya leza ya hewani. Ni mwanga uleule unaopita ndani ya faiba, ila huku unarushwa hewani kutoka kifaa hadi kifaa, na vifaa hivyo viwili lazima vionane.

Si ndoto. Mwaka 2021 mradi wa Taara, uliokuwa chini ya Alphabet, kampuni mama ya Google, ulitangaza matokeo ya kiungo kati ya Brazzaville na Kinshasa. Miji hiyo inatazamana ng'ambo ya Mto Kongo, lakini faiba ilibidi izunguke zaidi ya kilomita 400. Leza ilivuka kilomita 4.8, ikapitisha karibu terabaiti 700 ndani ya siku 20, na ikawa hewani kwa asilimia 99.9 ya muda. Kenya nako wameshaifanyia kazi pamoja na kampuni ya intaneti ya Liquid.

Kwetu tuna sehemu ngapi za namna hiyo? Chukua Rugezi na Kisorya, watu wanapovuka kwa kivuko kwenda Ukerewe. Sisemi kisiwa hakina mtandao. Nasema hiyo ndiyo aina ya mahali ninayoifikiria, na huko mbele mahitaji yatapanda tu.

Nawasilisha.

FUNDI WA MINARA

Mkuu, hiyo 99.9 inasikika tamu mpaka uipigie hesabu. Ni karibu saa 9 za kukosa mtandao kwa mwaka. Njia kuu inayobeba minara kadhaa watu huitaka 99.999, yaani dakika 5 hivi kwa mwaka mzima. Halafu siku 20 hazikuonyeshi masika na kiangazi.

Adui wa leza si mvua kama wengi wanavyodhani, ni ukungu. Matone ya mvua ni makubwa, miale mingi inapenya katikati yake. Matone ya ukungu ni madogo sana, ukubwa wake unakaribiana na urefu wa wimbi lenyewe la mwanga, kwa hiyo yanautawanya kila upande. Ukungu mzito unaweza kukata kiungo hata cha kilomita moja. Sasa kaifunge Njombe au Lushoto asubuhi za mwezi wa saba tuone.

Mikrowevu ya masafa ya juu, ile ya gigahezi 70 na 80, ni kinyume chake: mvua kubwa inaiua, ukungu inaupita bila shida. Kwa hiyo ukinambia tufunge vyote viwili pamoja, leza ibebe mzigo na redio ishike zamu hali ikichafuka, hapo tutaelewana. Ukinambia leza peke yake, mimi simo.

Na kuna kulenga. Taara wenyewe wanasema ni sawa na kulenga shabaha ya sentimita 5 iliyo umbali wa kilomita 10. Mnara unayumba kwa upepo, chuma kinatanuka jua likiwaka. Vifaa vina vioo vinavyojirekebisha vyenyewe, ndiyo, lakini mnara uliojengwa kwa bei ya kubana una mchezo wake ambao hamuujui.

MLIPAKODI WA MWANZA

Mleta mada umesahau Loon, ule mradi wa Alphabet wa kurusha intaneti kwa maputo? Julai 2020 maputo hayo yalianza huduma ya kibiashara Kenya pamoja na kampuni ya simu ya Telkom, sherehe na picha kila kona. Januari 2021 wakatangaza wanafunga. Na hiyo Taara yenu imezaliwa humohumo, kutoka kwenye leza zilizokuwa zinaunganisha maputo angani. Machi 2025 nayo imetoka kwa Alphabet, sasa inajitegemea. Wenye mali wakichoka, vipuri tutavipata wapi? Faiba ikikatwa na katapila la barabara, fundi wa hapa hapa anaiunga siku hiyohiyo.

Halafu hakuna aliyetaja wadudu wa ziwa letu. Vile vipindi wanapanda juu ya maji kwa mabilioni, ukitazama kwa mbali unadhani kuna kitu kinaungua. Huo mwale utapita wapi?

MWANASHERIA WA KIJIWENI

Mimi niguse leseni, maana hapo ndipo vita ya kweli itakuja. Kanuni za kimataifa za redio zinaishia gigahezi 3,000. Leza za namna hii ziko kwenye gigahezi 190,000 na ushee. Kwa maana hiyo si masafa ya kugawiwa kwa mnada wala kulipiwa ada ya kila mwaka. Makampuni yanaipenda kwa sababu hiyo, na mdhibiti wa mawasiliano ana sababu ileile ya kununa.

Wapo wanaosema serikali itapoteza mapato. Siafiki. Ada ya masafa ipo kwa sababu redio mbili zikigongana zinaharibiana, mwale mwembamba wa leza haumsumbui jirani. Na anayejenga mtandao bado anahitaji leseni ya miundombinu chini ya EPOCA, sheria ya mawasiliano ya kielektroniki na posta ya 2010, leza au redio. Kudai ada ya masafa juu yake ni kutoza mwanga.

Kwa wanaoogopa macho: mwanga wa nanomita 1550 unanyonywa sehemu ya mbele ya jicho, haufiki kwenye retina, ile sehemu ya nyuma ya jicho inayopokea picha. Bado ni lazima viwango vya usalama wa leza viandikwe kwenye zabuni.

MLETA MADA

Asanteni. Naanza na mkuu wa Mwanza. Woga wa Loon naukubali kama onyo kwa anayeandika mkataba, ila kama sababu ya kukataa teknolojia nzima haunitoshi. Zabuni isitaje jina la kampuni. Iseme: gigabiti kadhaa, umbali kadhaa, vipuri viwekwe nchini, na ruzuku ilipwe kidogo kidogo kadiri kiungo kinavyokaa hewani. Kikizima kupita kiwango, hela haitoki. Wadudu, ukungu, kuyumba kwa mnara, vyote vinakuwa tatizo la mkandarasi badala ya mwananchi.

Fundi, redio ya akiba nimeichukua, iwe sharti. Njombe na Lushoto nimekuachia na mitaro yako. Na kabla ya kulipa popote, kifaa kifungwe mwaka mzima kwenye kivuko kimoja, takwimu za kila saa ziwekwe hadharani, si muhtasari wa kampuni.

Mlipakodi, 12 Mei 2024 nyaya za intaneti za EASSy na Seacom zilipokatika baharini, hizo faiba hazikuungwa siku hiyohiyo. Najua leza ya kilomita 10 isingetuokoa siku ile. Nakukumbusha tu kwamba waya nao hukatika.

FUNDI WA MINARA

Mwaka mzima hadharani, hapo sawa, niko nawe. Ila kwenye hiyo zabuni weka na fungu la kufuta vioo. Madishi ya mikrowevu hayajali vumbi, kioo cha leza kinajali. Kupanda mnara ni posho, ni gari, ni watu wawili wenye mikanda ya usalama, na mara nyingi hakuna anayeiandika kwenye bajeti.