Amri ya kurudi ofisini serikalini Marekani: mtu aanzie wapi?

MkaziWaLaurel
Wakuu, salaam. Swali ni kwa mlioajiriwa na serikali kuu huku Marekani, hasa Washington, Maryland na Virginia. Amri ya rais ya Januari 20, 2025 ilitaka watu warudi ofisini siku zote za wiki, ila inawaruhusu wakuu wa idara kutoa misamaha wanayoona inafaa. Vijiweni kila mtu ana lake: leta barua ya daktari yatosha, chama cha wafanyakazi kitakutetea, gonga kadi mlangoni kisha rudi nyumbani. Naomba wanaojua wanyooshe. Mtu aliyefanyiwa upasuaji wa mgongo, na karatasi zake zinasema kituo cha kazi ni nyumbani, aanzie wapi? Na mzima wa afya ambaye safari yake ni saa moja na nusu kwenda na nyingine kurudi, ana nafuu gani ya halali?

FundiWaFomu
Anza na SF-50, fomu ya serikali inayoonyesha ajira yako, usianze na meneja. Chukua ya karibuni kabisa kwenye faili lako la ajira na utazame kisanduku cha 39, kituo cha kazi. Kikiwa kimeandikwa mji unakoishi, ulikuwa mfanyakazi wa mbali kamili. Kikiwa kimeandikwa Washington, na ulikuwa ukifika ofisini angalau mara mbili kila kipindi cha malipo cha wiki mbili, basi kwa hesabu ya serikali ulikuwa wa ofisini siku zote, na siku za nyumbani zilikuwa ruhusa tu. Hawa wawili hawarudishwi kwa njia moja. Wa kwanza lazima apate SF-50 mpya, na nyongeza ya eneo hubadilika nayo: Washington ni asilimia 33.94 juu ya mshahara wa msingi, na kule kusiko na kiwango chake ni 17.06. Aliyehamishiwa Washington akabaki na kiwango cha chini anadai tofauti yake.

Sasa huyo wa mgongo. Haki yake haitoki kwenye huruma ya meneja. Inatoka kwenye Sheria ya Rehabilitation ya 1973, kifungu cha 501, na maombi ndiyo yale ofisini yanaitwa RA (reasonable accommodation), yaani kuomba nafuu kazini kwa sababu ya ulemavu. Anaweza kuomba hata kwa mdomo, wala hakuna maneno maalumu ya kutamka, lakini aandike barua pepe ili tarehe ibaki. Karatasi za hospitali ampelekee mratibu wa RA, asimpe meneja. Zinatakiwa kutunzwa kwa siri, mbali na faili la kawaida.

Maombi mengi huanguka kwenye barua ya daktari. "Napendekeza afanye kazi nyumbani" ni barua ya kutupwa. Hata jina la ugonjwa peke yake halisaidii. Barua inayosimama inasema mwili unashindwa nini: kwa mfano hawezi kukaa zaidi ya dakika 30 bila kulala chali dakika 15, hali hii itadumu miezi mingapi, itapimwa tena lini. Kisha, na hapa ndipo madaktari wengi husahau, ieleze kwa nini nafuu za ofisini hazitoshi. Idara inalazimika kukupa nafuu inayofanya kazi, hailazimiki kukupa ile uliyoichagua. Ikikupa meza ya kupanda na kushuka pamoja na chumba cha faragha, na daktari hajasema lolote kuhusu vitu hivyo, umeshindwa. Mpelekee daktari orodha ya majukumu yako kabla hajaandika. Suala la safari lisiwe nguzo ya pekee ya ombi, maana idara hupenda kujibu kwamba unavyofika kazini ni juu yako.

Wakati ombi linasubiri, omba kwa maandishi nafuu ya muda. Ikikataliwa, tumia likizo ya ugonjwa, au FMLA, likizo ya kisheria ya ugonjwa na kuuguza familia, kwa aliyetimiza miezi 12 ya utumishi: wiki 12 bila malipo ndani ya miezi 12, na kazi yako inalindwa. Kukaa nyumbani tu ukisema "ombi langu halijajibiwa" kunaandikwa utoro, na utoro ni kosa jepesi sana kuthibitisha.

KatibuWaTawi
Naongezea pale alipoishia Fundi. Ombi likikataliwa, saa inaanza kugonga siku hiyohiyo: siku 45 za kalenda, Jumapili na sikukuu zikiwemo, za kumfikia mshauri wa EEO, ofisi ya idara inayopokea malalamiko ya ubaguzi. Idara nyingi zina hatua ya ndani ya kuomba ombi litazamwe upya. Itumie, lakini haisimamishi zile 45. Hapa ndipo wengi wanapotea, kwa sababu barua ya kukataa inaitaja hatua ya ndani kwa ukarimu, na EEO inawekwa chini kwa herufi ndogo. Mshauri ana siku 30, au hadi 90 mkikubaliana usuluhishi. Akikupa notisi ya haki ya kulalamika rasmi, una siku 15.

Kuhusu chama: tazama kisanduku cha 37 kwenye SF-50 hiyohiyo. 8888 maana yake nafasi yako haiwezi kuwakilishwa. 7777 inaweza, ila haina chama. Namba nyingine yoyote ni ya kundi lenye chama, lakini usishangilie bado. Amri ya Machi 27, 2025 iliziondoa idara nyingi kwenye sheria ya majadiliano ya pamoja kati ya chama na mwajiri, na kesi zake zimepanda na kushuka mahakamani. Muulize mwakilishi wa tawi leo mkataba unatambuliwa au la, usitegemee nakala ya PDF ya miaka mitatu nyuma. Na kama unadai ubaguzi, uchague mlango mmoja: shauri la chama au lalamiko rasmi la EEO. Utakaoingia kwanza kwa maandishi ndio utakaobaki nao.

Ile ya kugonga kadi na kuondoka, tafadhali sana. Kadi inaacha saa mlangoni, kompyuta inaacha saa kwenye mtandao, na wewe unatia sahihi saa zako za kazi. Zikigongana hizo tatu, kesi inatoka kwenye mahudhurio inakuwa udanganyifu, na hapo hata chama chenye nguvu hakina la kusema. Kanuni ni moja: tii kwanza, lalamika baadaye.

DerevaWaI95
Wa safari ndefu naye tusimsahau. Kwanza aombe ratiba iliyobanwa. Ya 5/4/9 ni siku nane za saa tisa na moja ya saa nane kila wiki mbili, unapata siku moja mapumziko. Ya 4/10 ni siku nne za saa kumi kila wiki. Ongeza nusu saa ya chakula, hailipwi. Amri ya kurudi ofisini haikuzifuta hizi, ingawa meneja anaweza kukataa.

Pili, posho ya nauli. Kikomo kilikuwa dola 325 kwa mwezi mwaka 2025, na 340 mwaka 2026, bila kodi. Nauli ya juu kabisa ya Metro, treni ya Washington, ni dola 6.75, kwa hiyo siku 20 kwenda na kurudi ni 270. Posho inatosha, lakini unapewa gharama halisi tu, si kikomo kizima. Maegesho hayamo. Aliyekuwa akija siku mbili na fomu yake bado inasema siku mbili ataishiwa kabla mwezi kuisha. Rekebisha hesabu ya siku.

Walio Virginia, upande wa Springfield na kusini yake: foleni za lifti za bure kuelekea Pentagon bado zinafanya kazi. Gari likiwa na watu watatu linapita njia ya haraka bila malipo, mradi kifaa cha kulipia barabara, E-ZPass Flex, kimegeuzwa upande wa HOV, yaani gari lenye abiria. Kisipogeuzwa, dereva anakatwa.

MkaziWaLaurel
Shukrani wakuu, nimeelewa. Moja la mwisho: mtu anayemuuguza mzazi nyumbani anaweza kutumia RA? Na sala ya Ijumaa?

FundiWaFomu
Mzazi hapana. RA ni kwa ulemavu wa mfanyakazi mwenyewe. Kwa mzazi tumia FMLA, na likizo ya ugonjwa inayoruhusiwa kwa kuuguza ndugu wa karibu.

Ijumaa ni mlango mwingine kabisa. Tangu hukumu ya Mahakama ya Juu ya Marekani, Groff dhidi ya DeJoy ya 2023, mwajiri hawezi kukataa ombi la kidini kwa kisingizio cha usumbufu mdogo. Lazima aonyeshe mzigo mkubwa. Na mwongozo wa OPM, ofisi ya utumishi ya serikali kuu, wa Julai 2025 unazitaka idara zifikirie kazi ya nyumbani kama nafuu ya dini. Kama muda tu ndio tatizo, omba saa za fidia za kidini: unafanya kazi saa za ziada siku nyingine, unazitumia Ijumaa mchana. Zifanyiwe kazi ndani ya vipindi 13 vya malipo kabla au baada ya siku husika. Ombi lielekezwe kwa maandishi, litaje tarehe, saa na sababu ya kidini, na ratiba ya kuzifidia iambatishwe humohumo.